Tathmini ya Cargo: vitegemezi, faili la kufuli na foleni kwenye folda ya ujenzi

Kati ya zana za kujengea programu ninazozitumia kazini, Cargo ya lugha ya Rust ndiyo inayonipa shida kidogo zaidi katika suala la vitegemezi, yaani zile maktaba za watu wengine ambazo programu yako haijengeki bila ya kuwapo. Tathmini hii haihusu kasi ya kompaila (kigeuzi cha msimbo kuwa programu) wala uzuri wa lugha yenyewe. Inahusu namna Cargo inavyochagua matoleo ya maktaba hizo, inavyoyafunga yasibadilike kiholela, na mahali ambapo kufuli lake linaishia. Maoni yangu, niyaweke wazi mapema, ni kwamba faili la Cargo.lock, yaani kufuli lenyewe, linafanya kazi yake barabara, lakini mipangilio ya awali ya Cargo inalilegeza mahali pasipostahili, na watumiaji wengi wanalitwika mzigo ambao halikuundwa kuubeba.

Cargo ilianza kuandikwa mwaka 2014. Mozilla, iliyokuwa ikiifadhili Rust wakati huo, iliwapa kazi hiyo Yehuda Katz na Carl Lerche. Katz alikuwa tayari ameshiriki kuunda Bundler, zana ya vitegemezi ya lugha ya Ruby, na anayeijua Bundler akiitazama Cargo anatambua mara moja ukoo wake: mafaili mawili, moja la kuandikwa na binadamu (Cargo.toml) na jingine la kuandikwa na mashine (Cargo.lock). Ghala la maktaba za Rust, crates.io, lilifunguliwa Novemba mwaka huohuo, kwa hiyo Rust 1.0 ilipotolewa tarehe 15 Mei 2015, lugha, zana na ghala vilikuwa tayari vinakwenda pamoja. Hilo si jambo dogo. Java ilitangulia zana yake ya ujenzi, Maven, kwa miaka mingi, na Python hadi leo ina zana kadhaa zinazogombania kazi ileile. Mtu wa Rust hakuachiwa nafasi ya kuchagua, na kwa mtazamo wangu amepumzishwa mabishano mengi.

Katika Cargo.toml mwenye mradi anaeleza anachohitaji kwa ujumla. Akiandika `serde = "1.0.150"`, mgeni anaweza kudhani ameomba toleo hilo na si jingine, kumbe Cargo inaelewa kwamba toleo lolote kuanzia 1.0.150 linakubalika mradi tu halijafika 2.0.0. Msingi wake ni utaratibu wa kupanga namba za matoleo uitwao SemVer, ambao ndani yake namba ya kwanza ikibadilika ni tangazo kwamba mwenye maktaba amevunja makubaliano ya zamani. Kwa maktaba ambazo bado zinaanzia sifuri, namba ya pili ndiyo inayobeba uzito huo: `0.3.5` inaruhusu kila kitu kuanzia 0.3.5 hadi kabla ya 0.4.0, na `0.0.3` hairuhusu chochote zaidi ya 0.0.3 yenyewe. Anayetaka toleo moja tu anayo alama ya usawa, kama `=1.0.150`, ingawa ningeshauri itumike kwa nadra, kwa sababu maktaba mbili zikishikilia kila moja namba yake kamili ya maktaba ya tatu ndani ya mfululizo uleule, Cargo itakataa kujenga na wewe uliye katikati huna la kufanya ila kusubiri mmoja wao alegeze.

Cargo.lock ndilo faili linaloandika kile kilichochaguliwa hasa. Ni maandishi ya kawaida, na inafaa kila anayetumia Rust alifungue walau mara moja alisome. Juu kabisa kuna onyo kwamba limetengenezwa na Cargo na halikusudiwi kuhaririwa kwa mkono, kisha namba ya muundo wa faili lenyewe, ambayo kwa miradi mipya ni 4. Baada ya hapo kila kifurushi, yaani maktaba kama inavyosambazwa, kina aya yake inayoanza na `[[package]]`, ikitaja jina, namba kamili ya toleo, chanzo kilikotoka, hashi ya SHA-256 (alama inayotambulisha maudhui ya faili) yenye herufi na tarakimu 64, na orodha ya vifurushi ambavyo chenyewe kinavitegemea. Kifurushi kilichochukuliwa moja kwa moja kutoka hazina ya Git (mfumo wa kutunza historia ya msimbo) hakina hashi hiyo. Badala yake kufuli linaandika kitambulisho kamili cha komiti, yaani badiliko lililohifadhiwa, hata kama Cargo.toml imetaja jina la tawi tu, na kwa hiyo tawi likisogea mbele mradi wako haulifuati mpaka uagize.

Jambo moja huwashtua wengi wanapolisoma kwa mara ya kwanza. Mtu ambaye maisha yake yote ya kazi yako kwenye Linux anakuta ndani yake maktaba za Windows, `windows-sys` na jamaa zake, anaanza kujiuliza kulikoni. Sababu ni kwamba Cargo hupiga hesabu ya vitegemezi kana kwamba mradi utajengwa kwenye kila mfumo wa uendeshaji na kwa kuwashwa vipengele vyake vyote vya hiari, ili faili moja liwatoshe wote walio kwenye timu, awe wa Windows, wa macOS au wa Linux. Kuwamo kwenye kufuli si kukompailiwa. Uamuzi huo unalifanya faili kuwa refu kuliko inavyohitajika kwa mtu mmoja, lakini naukubali bila kusita, maana njia nyingine ni kila mfumo kuwa na kufuli lake na timu kugombana kila siku.

Muundo wa faili nao umeboreshwa kwa namna ambayo haionekani mpaka uwe umefanya kazi na wenzako kwenye hazina moja. Zamani hashi zote zilikusanywa kwenye jedwali moja mwishoni mwa faili, kiasi kwamba matawi mawili yaliyoongeza maktaba tofauti kabisa yalikuwa yakigongana hapo chini karibu kila yalipounganishwa. Tangu Rust 1.41, iliyotoka Januari 2020, hashi inakaa ndani ya aya ya kifurushi chake, na migongano imepungua sana. Inapotokea hata hivyo, hakuna haja ya kuisuluhisha mstari kwa mstari: chukua faili la tawi kuu kama lilivyo, kisha endesha `cargo build`, nayo Cargo itaongeza kile tu kinachokosekana kulingana na Cargo.toml yako.

Kanuni ya uchaguzi wa matoleo ndiyo iliyonishawishi zaidi. Maktaba mbili zikihitaji matoleo yanayopatana ya maktaba ya tatu, Cargo huchagua moja litakalowatosha wote, na kwa kawaida ni la juu kabisa linaloruhusiwa. Zikihitaji matoleo yasiyopatana, tuseme moja inataka 0.7 na nyingine 0.8, Cargo haimlazimishi yeyote. Inaweka yote mawili ndani ya programu moja. Gradle, zana ya ujenzi ambayo wengi wetu tuliopitia Android tunaijua, ikikuta mgongano kama huo huchukua toleo la juu na kuendelea, na habari ya kwamba maktaba ya zamani haikuwa tayari kwa toleo hilo unaipata programu inapoendeshwa, tena pengine mikononi mwa mteja. Maven huchukua toleo lililo karibu zaidi na mzizi wa mradi, kanuni ambayo ni rahisi kuieleza lakini matokeo yake mara nyingi ni ya kushangaza. Cargo inaliacha tatizo lijitokeze wakati wa kukompaili, na hapo ndipo linapogharimu kidogo.

Gharama yake hata hivyo ipo. Aina ya data iliyotoka kwenye toleo la 0.7 si sawa na aina yenye jina lilelile iliyotoka kwenye 0.8, na ukiipeleka moja panapotarajiwa nyingine, kompaila itakuambia kwamba ilitarajia kitu fulani ikakuta kitu hichohicho. Kwa bahati nzuri siku hizi huongeza dokezo kwamba huenda kuna matoleo mawili tofauti ya maktaba moja. Dawa ni amri ya `cargo tree -d`, inayoonyesha vifurushi vyote vilivyojirudia, ikifuatwa na `cargo tree -i` pamoja na jina la kifurushi ili kujua nani amekileta. Amri hiyo imo ndani ya Cargo tangu toleo la 1.44 la mwaka 2020. Kabla ya hapo ilikuwa nyongeza ya kupakua kando, na nashangaa watu waliwezaje kuishi bila yake.

Pale kanuni hii inaposhindwa kabisa ni kwenye maktaba zinazofunga msimbo wa C. Kifurushi kinachounganisha maktaba asilia, yaani ile ya C, hutangaza hivyo kwa kipengele cha `links` ndani ya Cargo.toml yake, na Cargo hairuhusu vifurushi viwili kutangaza jina lilelile katika programu moja, kwa sababu alama za C zingegongana. Mfano unaojulikana mno ni `libsqlite3-sys`. Mradi unaotumia `rusqlite` na `sqlx` kwa pamoja, zote zikiitumia kanzidata ya SQLite, unaweza kukuta kila moja inadai mfululizo wake wa `libsqlite3-sys`, na hapo Cargo inasimama na ujumbe mrefu wa makosa. Katazo lenyewe ni la haki. Ujumbe ndio unaohitaji subira: unaeleza mnyororo mzima wa nani anamtegemea nani, na anayeusoma kwa mara ya kwanza hana budi kuusoma kutoka chini kwenda juu ili aelewe kwamba anachotakiwa kufanya ni kutafuta matoleo ya maktaba hizo mbili yaliyotolewa katika vipindi vinavyokaribiana.

Sasa nifike kwenye lawama yangu kubwa. Mtu anapoandika `cargo build`, Cargo inalitazama kufuli, na ikiona kwamba haliendani tena na Cargo.toml, inalirekebisha yenyewe na kuendelea. Kwenye kompyuta ya mwanaprogramu tabia hiyo inafaa, maana ndiye aliyebadilisha Cargo.toml na anataka kazi isonge. Kwenye seva ya ujenzi, yaani kompyuta inayojenga na kujaribu mradi yenyewe, ni hatari ya kimyakimya: mwenzako ameongeza maktaba, amesahau kupeleka Cargo.lock mpya kwenye hazina, seva inachagua toleo lililopo siku hiyo, majaribio yanafaulu, na programu inayokwenda kwa wateja ina toleo ambalo hakuna mtu kwenye timu aliyelijaribu kwake. Dawa ipo, nayo ni bendera (chaguo linaloongezwa kwenye amri) ya `--locked`, inayoifanya Cargo ikatae kuendelea ikiwa kufuli halipo au lingehitaji kubadilishwa. Lakini ni bendera ambayo mtu lazima aijue na aikumbuke katika kila amri ya seva. Npm, zana ya vitegemezi ya JavaScript ambayo sina desturi ya kuisifu, ilitambua jambo hili mapema na kuwapa watumiaji wake amri kamili ya `npm ci` kwa kazi ya seva.

Lililo baya zaidi ni `cargo install`. Amri hii hutumiwa kusakinisha programu za terminali zilizoandikwa kwa Rust, na bila ya kuambiwa vinginevyo hulipuuza faili la Cargo.lock ambalo mwandishi wa programu alilipakia pamoja na msimbo wake. Mwandishi amejaribu programu yake na matoleo fulani, ameyafunga, ameyatuma. Wewe unaisakinisha ukiwa na matoleo mengine yaliyotoka jana usiku. Ikivunjika, malalamiko yanamfikia mwandishi ambaye hakukosea. Waandishi wengi wameishia kuandika katika maelezo yao kwamba usakinishaji ufanywe kwa `cargo install --locked`, na ushauri wangu kwa msomaji ni kuifanya bendera hiyo kuwa mazoea. Hoja ya upande wa pili, kwamba kupuuza kufuli kunamletea msakinishaji marekebisho mapya ya usalama, ina uzito wake, ila naona inampa kazi ya kujaribu mtu ambaye hakuiomba.

Kwa miaka mingi waandishi wa maktaba waliambiwa wasipeleke Cargo.lock kwenye Git, na wa programu kamili waambiwe wapeleke. Agosti 2023 timu ya Cargo ilibadilisha ushauri huo: kila mradi ufanye linaloufaa, na `cargo new` ikaacha kuliweka faili hilo kwenye orodha ya yasiyohifadhiwa kwa maktaba mpya. Ikumbukwe kwamba kufuli la maktaba halimfikii anayeitumia, kwa kuwa Cargo husoma kufuli la mradi wa juu pekee; faida yake ni kwa wachangiaji wa maktaba yenyewe na kwa seva yao ya majaribio. Naliunga mkono badiliko hilo, kwa sharti kwamba seva iwe pia na zamu ya kujenga kwa matoleo mapya, la sivyo mwandishi atakuwa wa mwisho kujua kwamba maktaba yake imevunjika.

Mzigo ambao kufuli haliwezi kuubeba ulidhihirika vizuri Julai 2024. Rust 1.80 ilipotoka iliongeza uwezo mpya kwenye aina za msingi, na uwezo huo ukaifanya kompaila ishindwe kukisia aina ya data katika mstari mmoja wa maktaba maarufu ya `time`, kwa matoleo yaliyotangulia 0.3.35. Waliokuwa wamefunga toleo la zamani, yaani hasa wale waliofuata ushauri na kuhifadhi Cargo.lock yao, ndio waliojikuta mradi haujengeki baada ya kupandisha kompaila, ilhali hawakugusa hata herufi moja ya msimbo wao. Suluhisho lilikuwa amri moja, `cargo update -p time`, lakini kisa kinaonyesha mpaka wa kufuli: linafunga maktaba, halifungi kompaila. Anayetaka kufunga kompaila nayo lazima aweke faili jingine, `rust-toolchain.toml`, linalosomwa na rustup, zana ya kusakinisha Rust, na si wengi wanaolijua mpaka wapatwe na jambo kama hilo.

Upande wa pili wa tatizo hilohilo, yaani maktaba mpya inayodai kompaila mpya kuliko uliyo nayo, umeshughulikiwa vizuri zaidi. Tangu Rust 1.56 mwenye kifurushi anaweza kutangaza toleo la chini la kompaila kwa kipengele cha `rust-version`, lakini kwa muda mrefu Cargo ilikisoma bila kukizingatia inapochagua matoleo. Ilikuwa inachukua la juu kabisa, kisha inakukaripia kwamba kompaila yako ni ya zamani. Januari 2025, katika Rust 1.84, ilipata uwezo wa kupendelea matoleo yanayokubaliana na kompaila uliyoitangaza, na toleo la 1.85 lililokuja Februari likaufanya kuwa tabia ya kawaida kwa miradi ya edisheni (toleo la kanuni za lugha) ya 2024. Walio kazini kwenye taasisi ambazo kompaila haipandishwi mpaka kikao kikae wameondolewa adha kubwa.

Kuhusu mtandao, anayelipia bando ana sababu ya kupenda mwelekeo wa miaka ya karibuni. Hapo awali Cargo ilikuwa inashusha faharasa nzima ya crates.io kama hazina ya Git kabla ya kufanya lolote, na kwenye kompyuta mpya au seva inayoanza upya kila mara, hiyo ilikuwa subira ndefu na megabaiti nyingi kwa ajili ya habari za vifurushi ambavyo hutavitumia kamwe. Tangu Rust 1.70 ya Juni 2023 njia ya kawaida ni kuuliza kwa HTTP habari za vifurushi unavyovihitaji tu. Ukishakuwa na kufuli na msimbo umeshushwa, `cargo fetch` ikiwa imefanya kazi hiyo mapema, `--offline` inakuruhusu kujenga bila mtandao kabisa, na `--frozen` inaunganisha masharti ya `--offline` na ya `--locked`. Kwa wanaotaka usalama kamili wa upatikanaji, `cargo vendor` hunakili msimbo wa vitegemezi vyote kwenye folda ya mradi ili vihifadhiwe pamoja nao. Hazina inanenepa, lakini mradi unajengeka hata mkonga wa baharini ukikatika. Tahadhari moja: tangu 1.88, Cargo hufuta yenyewe kwenye akiba yake mafaili yaliyoshushwa mtandaoni ambayo hayajaguswa kwa miezi mitatu. Haifanyi hivyo inapoendeshwa na `--offline` au `--frozen`, hata hivyo mwenye mradi anaourudia mara moja kwa msimu asiitegemee akiba hiyo kama ghala la kudumu.

Usalama unahitaji maelezo zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapojipa matumaini ya bure. Hashi iliyo kwenye Cargo.lock ni kama lakiri juu ya bahasha: inathibitisha kwamba barua haikubadilishwa njiani, haithibitishi kwamba aliyeiandika ni mwaminifu. Kifurushi kikishushwa na hashi yake isilingane, Cargo inakataa, na hilo ni kinga dhidi ya seva iliyovamiwa au nakala ya ghala isiyoaminika. Lakini kifurushi kiovu kilichofungwa kikiwa kiovu kitabaki hivyo kwa uaminifu mkubwa kila unapojenga. Tena faili la `build.rs` (hati ya maandalizi ya ujenzi) na makro za kiutaratibu (msimbo unaozalisha msimbo) huendesha msimbo kwenye kompyuta yako wakati wa kukompaili, kabla hata programu yenyewe haijaanza, na Cargo haiuwekei msimbo huo ukuta wowote. Kwa sababu hiyo naichukulia `cargo audit`, inayolinganisha kufuli lako na kanzidata ya tahadhari za usalama ya RustSec, kuwa sehemu ya lazima ya seva ya ujenzi. Haiji na Cargo yenyewe. Inabidi isakinishwe kando.

Kuna eneo moja ambalo crates.io na kufuli vinasaidiana kwa busara. Machi 2016 ulimwengu wa JavaScript uliona jinsi mwandishi mmoja alivyoondoa vifurushi vyake kwenye npm, kikiwemo `left-pad` chenye mistari 11 tu, na miradi mingi mikubwa ikashindwa kujengeka. Kwenye crates.io mwandishi anayejutia toleo alilolitoa kwa kawaida halifuti, bali analiondoa kwenye uchaguzi: miradi mipya haitalichagua tena, ilhali mradi ambao tayari umelifunga kwenye Cargo.lock yake utaendelea kulishusha kama kawaida. Ufutaji wa kweli upo, ila kwa masharti finyu. Mwandishi anapata nafasi ya kusahihisha, na mtumiaji hashtukiziwi usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi.

Limebaki kufuli la aina nyingine, ambalo halihifadhiwi kwenye Git na ambalo watumiaji wa Cargo hukutana nalo mara nyingi kuliko lile la kwanza. Cargo inapojenga hushika kufuli la mfumo wa uendeshaji kwenye folda ya `target`, inamowekwa matokeo ya ujenzi, ili michakato miwili isiandikiane juu ya matokeo. Kufuli jingine liko kwenye akiba ya vifurushi katika folda ya nyumbani, nalo hushikwa wakati wa kushusha. Mchakato wa pili ukifika hupewa ujumbe unaosema "Blocking waiting for file lock on build directory", kisha unakaa kimya. Hauonyeshi ni nani aliyeshika kufuli wala amelishika tangu lini, na huu ndio upungufu unaoniudhi kuliko wote katika Cargo, kwa kuwa mfumo wa uendeshaji ungeweza kuulizwa walau namba ya mchakato husika na mtumiaji akaonyeshwa.

Ushauri unaosambaa kwamba mtu afute faili la `.package-cache` ili kujinasua haunishawishi. Kufuli hili ni la mfumo wa uendeshaji, si la kuwapo au kutokuwapo kwa faili. Mchakato ukifa, hata kwa kuuawa ghafla, kufuli linaachiliwa papo hapo. Kwa hiyo ukiona umekwama, ujue kuna mchakato hai mahali fulani, na mara nyingi ni rust-analyzer, msaidizi wa msimbo wa Rust ndani ya kihariri chako, ambayo kila unapohifadhi faili huendesha `cargo check` kwenye folda ileile ya `target`. Unahifadhi, unahamia kwenye terminali, unaandika `cargo test`, unasubiri. Kwenye mradi mdogo ni sekunde mbili tatu zisizo na maana. Kwenye mradi wenye mamia ya vitegemezi inakatisha kazi mara kwa mara kiasi cha kumfanya mtu azime msaada wa kihariri, jambo ambalo ni hasara.

Zipo njia za kupunguza foleni hiyo. Ujenzi wa kawaida na ule wa `--release` hutumia folda ndogo tofauti na hivyo hauzuiliani, na `cargo run` huachilia kufuli mara inapomaliza kujenga, kabla ya kuiendesha programu, kwa hiyo seva uliyoiacha ikikimbia kwenye dirisha jingine haikuzuii. Kwa rust-analyzer, mpangilio wa `rust-analyzer.cargo.targetDir` ukiwekwa `true` huipa folda yake ndani ya `target`, na tangu hapo kihariri na terminali havisubiriani tena kwenye ujenzi. Gharama yake ni nafasi ya diski, maana vitegemezi vilevile vinachakatwa na kuhifadhiwa mara mbili, na folda ya `target` ya mradi wa wastani hufikia gigabaiti kadhaa hata kabla ya hapo. Mwenye kompyuta ya diski ndogo atalazimika kuchagua kati ya kusubiri na kuendesha `cargo clean` kila baada ya siku chache.